Mapazia ya Dirisha la Magharibi

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inalalamika. Wodi yetu ya macho imejaa, na wauguzi tuko wachache.

Habari kubwa ni kwamba nimehama. Nimetoka kwenye vyumba vya wauguzi nikapanga nyumba yangu, vyumba viwili na uwazi wa kupikia, mlango wa buluu, ng'ambo ya duka la vioo. Nimeipenda. Shida yake ni dirisha la chumba cha mbele. Ni kubwa, na limetazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaingia kama mtu aliyealikwa, na halina haraka ya kuondoka. Nimetundika shuka kwa misumari, jirani akaniuliza mbona naanika nguo ndani.

Sasa cheka, nakuruhusu. Nataka kushona mapazia mwenyewe. Najua nilikuvunjia sindano tatu kwa siku moja ukanifukuza kibarazani, ukasema mikono yangu imeumbwa kwa kazi nyingine. Cherehani sina. Nina sindano, uzi mweupe, na mkasi wa kukatia bendeji ambao hospitali bado inautafuta. Nielekeze pole pole, kama unavyomwelekeza mtu asiyejua hata ncha ya sindano iko upande gani.

Mdogo wako


11 Februari

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea kile kipande cha mkasi. Amesema urudishe mali ya serikali.

Usikate kitu chochote kabla hujamaliza kusoma barua hii. Nakujua.

Kwanza tafuta fimbo ya kutundikia, uipigilie juu ya dirisha, ipite kila upande kwa shubiri moja. Ukishaiweka ndipo upime. Watu wengi hupima dirisha, na hapo ndipo wanapokosea. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya urefu wa fimbo, ugawe vipande viwili. Pazia lisilo na mikunjo ni shuka lililosimama. Urefu anzia kwenye fimbo mpaka shubiri moja chini ya dirisha, kisha ongeza vidole vinane kwa ajili ya pindo la juu, na kumi kwa ajili ya pindo la chini.

Kabla ya kukata, kifue kitambaa na ukikaushe. Kama kina tabia ya kunywea, kinywee mikononi mwako, si dirishani. Kipige pasi. Kunja kingo za pembeni mara mbili ili nyuzi zisichomoze, piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu, halafu ndipo ushone mishono midogo ya kurudi nyuma. Ukimaliza, fumua bandi. Pindo la juu liache wazi pande zote mbili, ndimo fimbo itakamopita.

Ukishona usivute uzi kwa hasira. Kitambaa kitakunjamana na hasira itabaki hapo kila mtu aione.

Nimefurahi umepata nyumba. Mama angefurahi.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimepima, nimefua, nimepiga pasi. Nimekata. Kipande kimoja kimezidi mwenzake kwa vidole vitatu na sijui kimefanyaje, nilikuwa nakiangalia muda wote.

Nina swali. Hiki kitambaa changu ni cha rangi ya maziwa, na mwanga unapita kama hakipo. Nikitaka chumba kiwe na giza kabisa mchana nifanyeje? Giza la kweli. Mwanga wa saa tisa unaumiza macho, hata tukifumba bado unaingia. Na je, kuna namna ya kuweka kamba pembeni ili mtu avute pazia bila kulitafuta juu, kwa kupapasa tu?

Kidole changu cha shahada kina matundu saba. Nimehesabu.

Mdogo wako


26 Februari

Kitinda mimba,

Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Kile kirefu kifuate kifupi, na usimwambie mtu.

Kwa giza unahitaji bitana, kitambaa cha pili kizito cha kushonea nyuma. Nimekutumia cha rangi ya kahawia, kimefungwa pamoja na barua hii, nilikibakiza kwenye kazi ya sare za shule. Kikate kiwe kifupi kidogo kuliko pazia lenyewe kisichungulie chini. Viweke vitambaa viwili uso kwa uso, shona pembeni na juu, kisha geuza kama unavyogeuza foronya. Kamba ishonee kwenye ukingo wa katikati, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Nimekuwekea na subana, uivae kidoleni uache kujitoboa.

Sasa tuzungumze. Mdogo wangu tangu azaliwe anapenda mwanga. Ukiwa mtoto ulilia tukizima taa. Leo unataka giza la kweli. Tena umeandika "tukifumba". Wewe na nani? Na huyo wa kupapasa kamba ni nani?

Mimi si polisi. Kama kuna mtu, na anafanya kazi za usiku analala mchana, sema tu. Una miaka thelathini na moja. Nimekaa hapa kibarazani nikishona magauni ya harusi za watu wengine, kila mara najiuliza la kwako litakuja lini. Fundi viatu anasema huenda ni mlinzi. Hata akiwa mlinzi, mimi nimempokea. Nimeshaanza foronya mbili, nimezitarizi maua pembeni. Msalimie shemeji yangu, mwambie dada mtu hana makuu.

Nimelala vizuri wiki hii, mdogo wangu.

Dada yako


8 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Foronya zimefika, ni nzuri mno, sijaweza kuzitandika.

Hakuna shemeji. Ningetamani awepo, kwa jinsi ulivyofurahi.

Mwezi wa kumi na mbili waliletwa wazee wa kuondolewa mtoto wa jicho. Mimi ndiye niliyekuwa naandika majina. Mmoja akataja jina lake, nikaandika, nikatazama nilichoandika. Ni jina la tatu kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Nikamuuliza kazi, akasema alikuwa dereva wa malori. Nikamuuliza watoto, akasema, "Nilikuwa nao wawili. Wa kike."

Ni Baba. Sikumwambia siku ile. Nilimwambia siku ya tatu, tulipomfungua bendeji. Hakulia wala hakunishika. Aliuliza, "Wewe ni yule mdogo?" Nikasema ndimi. Akauliza, "Mkubwa yuko wapi?"

Jicho moja limeshindikana. Lingine linaona, lakini mwanga mkali unalichoma. Mwanamke aliyekuwa naye amefariki, na alikokuwa akiishi hawakumtaka tena. Ndiyo maana nilihama. Mapazia ni ya chumba chake.

Nilipaswa kukuambia kabla ya kukuuliza habari za sindano. Niliogopa usingenijibu. Nikaona bora nipate kwanza maelekezo yako. Nimeandika hivyo, na nikisoma naona aibu.

Dada, mimi nilikuwa na miaka minne. Simkumbuki. Sina hata cha kumchukia. Ninachojua ni kwamba ninapoingia ndani kuna mtu anauliza, "Umerudi?"

Nisamehe.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Huna cha kumchukia, basi nitakupa.

Mama alikuwa ameanza kuumwa kifua. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, ndiyo iliyotulisha. Juu ya meza kulikuwa na magauni kumi na moja ya wanakwaya, yamekatwa tayari, yanasubiri kushonwa. Baba akasema sindano inaruka, anaipeleka kwa fundi. Nilimsaidia kuibeba kuipakia kwenye lori. Nilishika upande wa meza, yeye akashika upande wa kichwa. Nilimwambia, "Baba, usikawie, kwaya wanakuja Jumapili." Akasema, "Sikawii."

Mama alikaa mlangoni siku tatu. Siku ya nne akanipa sindano. Magauni yale kumi na moja tuliyashona kwa mkono, mimi na yeye. Alikuwa anakohoa, mimi nikinyoosha mishono aliyokosea. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na sikurudi shule tena. Mishono niliyokufundisha kwenye barua zangu nilijifunza wiki ile. Umeitumia kumshonea yeye kivuli.

Bitana kaa nayo. Ila habari zake usiniandikie. Barua zako zitakazofuata nitaziweka bila kufungua, kwa sababu nitajua zinamhusu. Siku atakapokuwa hayupo hapo kwako, tutaandikiana.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Umesema hutafungua, nami naandika hivyo hivyo.

Yale ya cherehani sikuyajua. Hukuwahi kuniambia, na nilipokuwa nakuuliza ulikuwa unasema tu "aliondoka". Nilimsomea Baba barua yako. Niliona ana haki ya kuisikia na wewe una haki ya kusikika. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Kwa fundi niliipeleka kweli. Ikatengenezwa siku ile ile. Niliyoikosea ni njia ya kurudia." Nikamuuliza kwa nini hakurudi baadaye. Akasema kila siku iliyopita ilifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi, mpaka ikawa miaka ishirini na saba.

Nikamwambia anitume neno kwako. Akasema, "Sina neno. Ningekuwa nalo ningekuwa nimelisema zamani."

Mapazia nimeyamaliza. Alinishikia kitambaa kikanyooka nikipiga bandi. Nilitaka kulifumua lile pindo la chini lililopinda, akapitisha vidole juu yake, akasema liache, linamwonyesha pazia linaishia wapi.

Dada, daktari amempima na moyo pia. Umechoka sana. Hakusema ni lini, lakini mimi ni muuguzi, najua wanavyotuangalia wakisema hivyo. Njoo. Hata kama ni kuja kumgombeza, njoo.

Mdogo wako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu ya jambo la juzi, Jumatano, ambalo sijui nilifanyeje.

Nilikuwa zamu ya mchana. Niliporudi saa kumi na mbili nilimkuta Baba amekaa kizingitini, mlango uko wazi, ameweka kiganja juu ya macho yake. Nikamwambia, "Baba, jua lote hili, unafanya nini nje?" Akasema mnamo saa kumi alikuwa anasikiliza redio, akasikia mbwa wa duka la vioo akibweka bila kukoma, kama kuna mgeni. Akasogeza pazia kwa vidole. Aliona kivuli tu, mwanamke amesimama ng'ambo, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akasema, "Mama yenu alikuwa anabeba hivyo."

Alitoka akishika ukuta. Unajua anavyotembea, au hujui, ni pole pole sana. Alipofika mlangoni hapakuwa na mtu. Akakaa pale asije akapitwa tena.

Nilimwambia ni mteja wa vioo. Akakubali. Ila tangu juzi haketi tena kitandani, anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, kamba ya pazia iko mkononi.

Sijui ni nani. Lakini nimekuandikia.

Mdogo wako


TELEGRAMU
27 Aprili

BABA AMEFARIKI JANA ASUBUHI. MAZIKO KESHO SAA NANE. MDOGO WAKO.


10 Mei

Mdogo wangu,

Pole. Najua hilo ni neno la jirani, na mimi si jirani. Sina jingine.

Maziko sikuja. Telegramu ilinifikia mapema, basi lilikuwepo, na nguo nyeusi ninayo. Nilikaa kwenye cherehani nikashona sare mpaka saa nane ikapita. Nilipotazama nilichoshona, mikono yote miwili nilikuwa nimeiweka upande mmoja wa shati.

Kesho yake ndipo nilipofungua barua zako. Ya tarehe thelathini na ile ya tarehe kumi na tisa. Nimezisoma zote mbili nikiwa nimesimama, na baada ya hapo nikakaa chini sakafuni kibarazani. Fundi viatu alifunga kibanda chake akaja kukaa nami. Namshukuru.

Ni mimi, Kitinda. Yule mwanamke wa Jumatano ni mimi.

Barua yako ya tarehe thelathini ilikuwa juu ya rafu, haijafunguliwa, nene, wiki mbili na zaidi ikiniangalia. Nikajua ukiandika kirefu namna ile kuna ugonjwa. Sikuifungua kwa kuogopa kwamba ikiwa umenibembeleza nitakataa tena. Nikaamua niende tu bila kusoma, nimwone kwa macho yangu, niseme yangu, nirudi. Safari nzima nilikuwa napanga maneno. Nilianza na magauni kumi na moja. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, mdogo wangu, kama kesi ya mwanasheria.

Nikaona mlango wa buluu na duka la vioo. Nikaona mapazia yamefungwa. Yananing'inia vizuri, na mikunjo inatosha. Nilisimama pale nikiyakagua kama kazi ya mwanafunzi, kwa sababu hilo ndilo jambo pekee nililojua namna ya kulifanya. Nikajiambia, mzee amelala, si vizuri kumwamsha. Lakini redio nilikuwa naisikia. Nilisikia hata mtangazaji akisoma habari za mvua. Nilijua kabisa kwamba mle ndani kuna mtu aliye macho.

Kisha pazia likasogea kidogo katikati. Nikaona vidole viwili. Vilikuwa vidole vya mzee, na mimi muda wote nilikuwa nimekwenda kuonana na mwanamume wa miaka thelathini na nane, mwenye nguvu za kunyanyua cherehani. Maneno yangu yote yalikuwa ya yule. Kwa huyu sikuwa nimepanga hata moja.

Nikageuka. Nilitembea haraka mpaka kituoni. Nilisema moyoni nitarudi wiki ijayo, nikiwa nimejiandaa. Naye aliniambia hivyo hivyo siku ile ya lori, kwamba hakawii.

Sikujua kwamba alitoka nje. Nilipita kona ile nikiwa sijageuka nyuma. Laiti ningegeuka mara moja tu ningemwona kizingitini, pengine ningerudi, pengine nisingerudi. Sitajua.

Sikuombi kitu. Niambie tu mwisho wake ulikuwaje, na kama alijua ni mimi.

Dada yako


18 Mei

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikakukasirikia siku tano nzima. Leo ni ya sita, ndiyo maana naandika. Ulifika mlangoni kwangu. Ulikuwa hatua ishirini. Mimi nilikuwa wodini nikiwabadilishia watu wengine bendeji, na watu wawili ninaowataka mahali pamoja wako mtaa mmoja wakitazamana kupitia tundu la kitambaa.

Lakini na mimi nina la kwangu, na sikutaka ulibebe peke yako. Baba alikuwa anasubiri kwa sababu mimi nilimdanganya. Mwezi wa tatu, baada ya kumsomea barua yako, niliona amepoteza hamu ya kula. Nikamwambia umeandika tena, umesema utakuja ukimaliza sare za shule. Hukuwa umeandika chochote. Kila asubuhi akawa anauliza sare zimefika wapi, nami namjibu, zimebaki chache. Ndiyo maana alikimbilia mlango, yeye asiyeweza kukimbia. Alidhani umemaliza. Kama nisingesema vile, labda angekaa kitandani mwake asikilize redio yake.

Umeuliza kama alijua ni wewe. Sitakuambia alijua, wala sitakuambia hakujua. Siku ile ya Jumatano nilimwambia ni mteja wa vioo na akasema, "Haya." Hakuwa mtu wa kubishana.

Mwisho wake ulikuwa asubuhi ya tarehe ishirini na sita, kama saa moja na nusu. Nilikuwa nimemchemshia uji. Alikuwa kwenye kiti chake, nami nikafungua mapazia kidogo kwa sababu asubuhi upande ule una kivuli na yeye alipenda hewa. Pumzi ilikuwa imebadilika tangu alfajiri, niliijua. Nikapiga magoti nikamshika mkono.

Akaita. Hakuita jina langu, Dada. Aliita lako. Aliliita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita mtoto aliye chumba cha pili. Akaita tena.

Nikaitika, "Abee, Baba."

Akasema, "Umekuja."

Nikasema, "Nimekuja."

Alipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, akafika kwenye cha shahada, kilichojaa alama za sindano, akakaa hapo. Akasema, "Umeshona sana." Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho.

Nimeitika kwa jina lako bila ruhusa yako. Nimejiuliza siku zote hizi kama nilikuibia kitu au nilikupa, na sijapata jibu. Ila sikutaka ukae miaka mingine ishirini na saba bila kujua kwamba alikuita, na kwamba kuna mtu aliitika.

Mdogo wako